Simu ya Ijumaa Nyumbani kwa Hamdiya

Darsait, Maskati
21 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Nasriya,

Hujambo? Goti la mama linaendeleaje, na mwanao Ruba ameacha kukohoa? Sisi huku wazima, ila joto limefika digrii arubaini na nne.

Umeniuliza binamu yetu Hamdiya alimpataje yaya wake Mfilipino, ili nawe umletee Ruba mtu wa kumzoesha Kiingereza. Nimekula kwake Bawshar Ijumaa mbili mfululizo. Nakueleza nilichokiona.

Yaya anaitwa Marisel, ana miaka ishirini na tatu. Sharti la Hamdiya ni Kiingereza tu ndani ya nyumba, hata kwenye simu, mwanawe Anas asisikie lugha nyengine. Simu yenyewe humpa Ijumaa baada ya chakula, aongee pale pale sebuleni.

Ijumaa ya kwanza simu ilitoka kwa mama yake Marisel, aliyekuwa akingoja kupasuliwa moyo. Kiingereza hakijui. Marisel akamjibu kwa Kiingereza. Mama akacheka, akasema pua inamtoka damu. Marisel alinieleza baadaye kuwa kwao ndivyo wanavyomtania mtu anayewamwagia Kiingereza. Marisel akaendelea. Mama hakucheka tena. Mwisho likamponyoka Marisel neno moja la kwao, na Hamdiya akampokonya simu.

"Kelele za sokoni kwenu usiniletee!"

Bi Kheiria, mama yake Hamdiya, akasema, "Mwache mtoto wa watu aseme na mamake."

"Mama, wewe kunywa kahawa yako."

Jikoni Marisel aliniambia kuwa kwao kijana akijidai kwa Kiingereza huambiwa si Mfilipino tena, na asiyekijua hapati kazi. "Kwangu ni sare ya kazi," alisema. "Hapa sina ruhusa ya kuivua."

Ijumaa ya pili, jana, simu ilitoka kwa shangazi yake Marisel. Mama yake Marisel amefariki Jumatano. Marisel alisimama wima, akajibu kwa Kiingereza, sentensi kamili. Hamdiya, asiyejua habari yenyewe, akaninong'oneza, "Umesikia matamshi? Hababaiki hata kidogo."

Wakati naondoka, Marisel alinieleza alichoambiwa. Mama yake, hadi siku ya mwisho, alikuwa akiuliza: aliyesema naye Ijumaa ile alikuwa mwanawe, au bibi mwenye nyumba?

Namba ya wakala anayo Hamdiya. Mwombe mwenyewe.

Nisalimie mama, shemeji Sleyum na Bi Mahfudha. Mungu akupe umri mrefu, na Ruba akikupigia simu, umjue kuwa ndiye.

Nduguyo akupendaye,
Mahfoudh