Mama Mkwe na Unga wa Maganda ya Njugu

Mshauri wetu, nakuandikia kutoka Muhoroni kwa sababu jambo lililonipata nimeshindwa kulisimulia hata kanisani. Miaka mingi nimepalilia miwa bila viatu mpaka visigino vikapasuka magaga ya kuingia sarafu, nikawa naficha miguu hata kwa mume wangu Gordon, dereva wa trekta, na juzi mama yake, Mama Dorca, akaja kututembelea kutoka Sondu, na tangu niolewe mimi na yeye hatukuwa na maneno mengi, basi akaniona nikichechemea, akachukua maganda ya njugu niliyotaka kuwashia moto, akayachagua, akayaanika, akayatwanga, akayachunga kwa kitambaa mpaka yakawa unga wa kukwaruza kidogo tu, akauchanganya na mafuta, akaweka maji ya moto kwenye beseni, kisha akapiga magoti mbele yangu. Nilishtuka, maana kwetu mimi ndiye wa kumpigia yeye magoti, nikamwambia, "Mama, usinishike miguu."

Akaniita kwa jina la kwetu, yaani binti wa Alego: "Nyar Alego, lete mguu."

Alisugua polepole, ngozi iliyokufa ikitoka kama majivu, tukarudia jioni baada ya jioni, mpaka siku moja nikaona visigino vyangu ni vyororo kama vya mtoto, nikakaa kitandani nikivitazama na kulia, sijui nilikuwa nalilia ngozi au ile mikono. Sasa wake wa wakata miwa wanamjia, na Waithira mwenye saluni kule Kisumu, karibu na soko la Kibuye, ameiona miguu yangu nilipokwenda huko, akamwomba Mama awe akienda kumfanyia kazi, na Mama akatabasamu, sijawahi kumwona hivyo, lakini Gordon amekataa kabisa, anasema mama yake hataosha miguu ya watu baki yeye Gordon akiwa hai. Nisimame na nani?

Agneta, Muhoroni, 1989

JIBU

Agneta dada yangu, nimesoma barua yako nikajikuta nimevua viatu chini ya meza. Pole kwa maumivu uliyoyaficha. Umetendewa jambo kubwa ambalo wengi wetu hatutalionja. Lakini wanikera unapouliza usimame na nani, kana kwamba Mama Dorca ni shamba la kugombaniwa. Yeye mwenyewe amesemaje? Hukuandika, kwa sababu hamkumuuliza. Gordon naye mkumbushe kwa heshima kwamba mikono hiyo ilimwosha yeye kabla hajajua kutembea, na hakuna aliyeona aibu.

Kuhusu kazi yenyewe: maganda yenye ukungu tupeni, kidonda kibichi kisisuguliwe, usoni msiguse, na kila mteja aulizwe kwanza kama njugu humdhuru. Waithira naye aseme malipo mapema, mkiwa wote.

Leo Gordon akishakula, mpeni Mama kiti kizuri. Muulize mbele ya mwanawe: anataka kwenda, au hataki? Kisha nyamazeni nyote wawili, hata akichelewa kujibu.