Maji ya Kwanza ya Mbegu Nyeusi

Tarehe 3 Machi

Mwanangu,

Mama yako amekufa. Jumanne, saa nne asubuhi. Jumapili alitapika, Jumatatu akaanza kutetemeka, hata kikombe hakuweza kushika. Daktari aliuliza kala nini. Nikasema chakula. Tumeshamzika.

Usiulize kwa nini sikupiga simu. Ilidumbukia kwenye zege, sasa imo ndani ya nguzo ya ghorofa la watu, na namba yako imo humohumo.

Hujambo lakini? Mimi mzima. Nyapara kanipa siku tatu.

Baba yako


Tarehe 12 Machi

Shikamoo Baba,

Sijui nikuulize habari gani. Pole, baba yangu. Na mimi nipe pole.

Nijibu jambo moja. Mama alikula zile mbegu nyeusi za porini? Maji alimwaga? Tangu nipate akili namwona anachemsha mara tatu, anamwaga mara tatu. Kwenye barua ya Februari niliwaeleza tulichopima hapa maabara: ganda la ile mbegu lina vitu vinavyozuia mwili kuchakaa, kama rangi inavyozuia nondo kushika kutu, na vingi vinatoka na maji ya kwanza. Lakini nikaandika pia kwamba sumu inatoka na maji hayohayo, asiyaguse mpaka nimalize kupima. Alisikia? Au niliandika kisomi, hakunielewa?

Mwanao


Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Salamu zimefika. Mimi mzima, paa linavuja. Mama yako alikula alichokula. Aliyekwisha kuzikwa haulizwi. Wewe kula vizuri.

Baba yako


Tarehe 9 Aprili

Shikamoo Baba,

U hali gani? Hukunijibu, na nimekuelewa. Ni barua yangu. Usinifiche kwa kunionea huruma.

Nimeacha maabara. Profesa kanibembeleza, kasema umebaki mwezi mmoja tu vipimo vikamilike. Nikamwambia siwezi kuweka jina langu juu ya kitu kilichomuua mama. Nimemrudishia funguo. Natafuta kazi yoyote, hata ya kufagia.

Mwanao


Tarehe 17 Aprili

Mwanangu,

Salamu baadaye. Nenda kachukue funguo zako.

Ile barua nilimsomea mimi. Kusoma kwangu unakujua, nasukuma herufi kama toroli lenye pancha. Yeye anachambua mbegu, mimi nasoma. Ya ganda, ya kutu, ya maji ya kwanza. Akacheka, "Kumbe miaka yote hii namwaga dawa!" Nilipofika chini ya karatasi ukaanza: nisalimie mama mdogo, nisalimie fundi wa jirani, nisalimie na wote waniulizao. Nikajua umemaliza. Nani anaandika kitu baada ya salamu? Akaniuliza, "Ndiyo basi?" Nikamwambia, "Basi. Zimebaki salamu."

Nyuma sikugeuza.

Alikunywa siku nne, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Alisema magoti yamelainika. Mimi akanimiminia, nikaonja, chungu, nikamwambia kunywa mwenyewe na usomi wa mwanao. Nikamwaga nje. Akanitukana, "Utazeeka peke yako, mimi nitabaki msichana." Majirani wote aliwaringia: mwanangu ndiye kapima.

Tulipotoka makaburini nikatafuta barua yako nipate anwani. Ndipo nikageuza. Herufi kubwa, wino mwekundu: MAMA, USIYANYWE. Hata mimi na darasa langu la tatu nilisoma mara moja tu.

Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba amekufa nilikuwa najua. Uliponiuliza nilikuwa najua. Miaka thelathini kazi yangu ni kubeba mizigo, huu mmoja nikakutwisha wewe. Niliona utanichukia, na sina mwingine.

Ukitaka usiniandikie tena, sawa. Ila wewe ulimwambia mama yako. Ulimwambia vizuri, na mimi nikamziba masikio.

Mbegu zilizobaki kwenye kopo nimezifunga, zimo humu. Hazijachemshwa. Zipime mpaka ijulikane maji ya ngapi ni salama, watu wengine bado wanazila. Siyo radhi nakupa, sina haki hiyo. Nakuomba.

Nyapara nilimdanganya mgongo unauma, wiki nzima nimelala naangalia ukuta. Kesho narudi kazini.

Baba yako