Lango la Kunde Sita

Jumatatu, 6 Novemba 1995
Kompyuta ya chuo imekufa tena. Tangu saa tatu nakodolea macho kioo cheusi. Mradi wangu umo ndani: mtandao wa kuigiza, kompyuta nane zikitumiana habari kupitia lango moja. Napaswa kupima mambo mawili. Habari ngapi zinapita kwa jumla, na foleni langoni ina urefu gani. Zamu mia mbili, majibu Ijumaa. Mwaka jana nilianguka. Nikianguka tena nafukuzwa.

Jumanne, 7 Novemba
Mwalimu amekubali nipime kwa mkono. Mikebe minane ndiyo kompyuta, kunde ndizo habari. Narusha dadu mbili, kunde zinatoka kwa idadi hiyo. Mama amejitolea kuwa lango: kila zamu apitishe sita, asizidishe. Mimi naandika. Tuko barazani, na nusu ya Likoni imepita ikituchungulia. Wanadhani tunapiga ramli.
Zamu sitini. Foleni inafura tu. Nimelia mbele ya mama. Aibu.

Jumatano, 8 Novemba
Ajabu. Tangu asubuhi foleni imetulia. Zamu mia na thelathini. Nimecheka, mara ya kwanza wiki hii.

Alhamisi, 9 Novemba
Zamu mia mbili zimetimia kabla ya adhuhuri. Kunde zilizopita: 1,263. Haiwezekani. Sita mara mia mbili ni 1,200, hata lango lisipumzike. Nimejumlisha mara tatu. Mwisho nikamuuliza mama. Hakuficha.
“Nalikuona ukilia, mwanangu. Mara mojamoja ukiinama kuandika nikazipisha mbili tatu. Zalikuwa zangoja mno.”
Hakumbuki alianza zamu ya ngapi. Nilitaka kupiga kelele. Mama ni mama, nikazikusanya kunde.
Ningeweza kupunguza sitini na tatu kwa kalamu, nani angejua? Nimelifikiria, wallahi. Lakini foleni ingebaki ya uongo. Nimechana karatasi zote. Nimeanza upya peke yangu.

Ijumaa, 10 Novemba
Nimepeleka zamu tisini na nne, za kweli zote. Mwalimu alisoma polepole. Akasema kipimo ni sahihi, foleni inaonekana wazi, ila zamu hazitoshi. Nimefukuzwa.
Mama alinipokea mlangoni. Aliponitazama tu akajua. Akauliza kama ni zile kunde zake. Nikamwambia la, nilikosea mwenyewe kujumlisha. Akashusha pumzi. Akaniambia nivue viatu nipumzike. Nimevua.