Clemence ameisafisha kompyuta yangu

Zamda, saa 10:20 jioni kompyuta imerudi kutoka kwa wanakwaya. Viraka vyote vya lile gemu la wanyonya damu, yale mafaili ya mashabiki ya kurekebisha hitilafu zake, vimefutwa.

Nimempigia Clemence, katibu wa kwaya. "Dada, nimekusafishia. Kulikuwa na madude ya damu damu, na sisi tunachapa nyimbo za Ekaristi."

Nilimwazima achape nyimbo, si kuitubisha kompyuta yangu.

Nimejaribu bila viraka, gemu linaganda kwenye mlango wa makaburi. Saa arobaini na moja za kucheza, Zamda. Viraka nilivifuata Mbinga kwenye intaneti, na tovuti nilikovipakua imeshafungwa.

"Roho yako kwanza, dada." Ameniambia hivyo.

Saa 11:05 ameandika: Jumamosi wanaiomba tena kompyuta.

Nimemjibu waandike kwa mkono.