Maua Yanayochanua Alasiri

Kwako habaryar, mama yangu mdogo uliyenilea,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoitumia kwa wateja wa maziwa tu, tena ukiivunjavunja bila aibu. Kwa Kisomali nisingefika mwisho wa barua hii. Na nataka isomwe na majirani wa bula yetu, mtaa wetu hapa Garissa, maana waliokusema walikusema hadharani.

Mama aliponileta kutoka Hadado nije kusoma, ulinipokea na kazi mkononi. Kesho yake alfajiri tulikuwa kando ya mto tukimkatia majani Adey, ng'ombe wako mweupe, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyotulisha na kuninunulia madaftari. Uliniambia nitafute mmea wa mchunga, wenye ua la manjano. Nikakuletea ua la manjano kwa fahari, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini, kwa sababu halikuwa la mchunga. Hao ni wake wenza, ulisema. Wamejifunga mtandio wa rangi moja, lakini mmoja anakupikia na mwenzake anakutilia sumu.

Ukanifundisha kuwatenganisha. Ua la mchunga ni petali tupu mpaka katikati, lile jingine lina kitu kama kifungo cha shati. Shina la mchunga ukilivunja hutoa utomvu mweupe kama maziwa, la mwenzake hutoa maji tu. Tena mchunga hufumba ua lake ikikaribia adhuhuri, na yule mwingine hubaki wazi hadi jua litue. Mwanamke mwenye heshima huingia ndani jua likiwa kali, ulinitania. Kila shina ulilivunja kwanza ndipo ukalitia kwenye gunia, nami nilikuona unapoteza muda.

Kisha zikaja zile mvua za mwishoni mwa tisini na saba. Mto ulifurika, barabara ikakatika, na hata ardhi niliyoizoea ikiwa vumbi tupu iligeuka manjano kwa maua. Macho yako yalivimba, kope zikakugeukia ndani, ukawa huwezi kutazama mwanga. Ukanituma peke yangu kwa masharti mawili, niende alfajiri na nivunje kila shina.

Nilipenda usingizi, habaryar. Nikawa naenda alasiri, baada ya kuzunguka na wenzangu kutazama mafuriko. Manjano yalikuwa tele, nikafurahi kwamba kazi imekuwa rahisi. Saa hizo michunga yote ilikuwa imeshafumba. Nilichokuwa nakata ni kile kilichobaki wazi. Nilichanganya na nyasi na kuacha gunia hadi kesho yake, majani yakanyauka, na Adey, ambaye angeyakataa yakiwa mabichi, akayala yote. Kila siku uliniuliza kama nimevunja kila shina. Kila siku nilikuapia wallahi. Mambo yalikwenda hivyo wiki tatu.

Ukapata nafuu kidogo, ukarudi mtoni mwenyewe huku ukipapasa. Siku chache baadaye Adey akakauka maziwa. Alikonda, akawa anatembea akizunguka mahali pamoja na kusukuma ukuta kwa paji la uso. Ulimwita daktari wa mifugo, na kwa kuwa hakujua Kisomali, mkalimani nilikuwa mimi. Alichambua mabaki ya majani, akauliza nani anayemkatia ng'ombe huyu. Kabla sijafungua mdomo ulimjibu mwenyewe.

"Ni mimi nakatia yeye," ulimwambia. "Macho yangu sio mzuri."

Daktari akatikisa kichwa, akaniambia nikueleze kwamba sumu hii haiui upesi. Huozesha ini polepole. Ng'ombe alianza kuila wiki kadhaa zilizopita, si majani ya juzi yaliyomdhuru. Maneno hayo sikukutafsiria. Nilikuambia daktari anasema pole.

Adey alikufa siku ya Jumanne. Hukurudi tena mtoni. Wanawake waliokuwa wakikuletea mafungu yao ya majani uyakague waliacha, na nikamsikia mmoja wao pale bombani akisema macho yako yamemuua ng'ombe wako mwenyewe. Nawe ulikuwa karibu, ulisikia. Ukaanza kukaanga sambusa za kuuza langoni mwa shule, ukijiunguza vidole. Nikikuonyesha jani lolote ulinijibu nikamwulize anayeona. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekunyang'anya kitu kikubwa kuliko ng'ombe. Kwa Idi moja nilijikaza nikuambie ukweli, lakini ukanitolea viatu vipya, nikavivaa nikatoka.

Halafu ile homa ya tisini na tisa ikakulaza moja kwa moja. Ulipoona hali imekuwa nzito uliita watu wako wakuage, mmoja mmoja, uwaombe msamaha kama ilivyo ada yetu. Mama alikuwa amefika kutoka Hadado. Nilikaa kwenye mkeka nikisubiri zamu yangu, na nilikuwa nimeamua kusema. Ukanishika mkono kabla sijaanza. Ukaniomba radhi kwa maziwa niliyoyakosa, kwa siku nilizokwenda shule na njaa, kwa sababu ulimlisha sumu mnyama aliyekuwa akinilisha mimi.

"Nisamehe, hooyo," ulisema. Uliniita hivyo, yaani mama, siku zote, kama mama wa Kisomali anavyomwita mtoto wake.

Chumba kizima kilikuwa kikisubiri. Kuna jibu moja tu linalotolewa hapo, na halicheleweshwi.

"Nimekusamehe."

Ukasema alhamdulillahi, ukaniachia mkono, ukamgeukia aliyenifuata. Kesho yake tulikuzika.

Majirani, macho yake hayakumuua Adey. Nilimuua mimi, kisha nikaapa uongo, kisha nikaficha maneno ya daktari.

Huzuni yangu haijazeeka, habaryar. Nikija kaburini nakuombea dua, lakini sikai sana, kwa sababu nakumbuka kwamba ulikufa ukishukuru kuwa nimekusamehe.

Pumzika kwa amani ya Mola. Na siku tutakayokutana, tafadhali usinishike mkono. Niache nianze mimi kusema.

Mwana wa dada yako