Nusu Yangu, Nusu Yake

Dada,

Mtoto alikufa Jumanne, kwa homa. Jana tulimzika kando ya mama yake.

Lile jina lake ulilosema ni la sabuni, marehemu mke wangu ndiye aliyelitunga akiwa na mimba: nusu jina langu, nusu lake. "Tusije tukaachana," alisema. Akafa uzazini, hajaliandika popote.

Kaburi nimelipiga zege mwenyewe, jina nikalichora kwa msumari nilivyozoea kulitamka. Leo natazama kitambulisho cha mke wangu, kumbe nusu yake nimeikosea herufi. Nikakimbia makaburini. Saruji imeshakauka.

Mjukuu wako akizaliwa, mpe jina la mama yetu. Lile la mwanangu niachieni.

Ni mimi mdogo wako. Kesho narudi kazini, kwenye zege.