Mashina Kumi na Mawili ya 'Take'

Kwa Mzee Machogu,
Karibu na Ogembo, Kisii.
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Bravin,

Hujambo, baba? Mwili una nguvu? Kile kifua cha baridi kimenyamaza? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Goti la baba yako linamsumbua mvua ikikaribia, lakini jana Sabato alitembea mwenyewe hadi kanisani. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Barua hii anakuletea Cleophas, jirani yetu anayefanya kazi ofisini Nyamira. Anakuja huko Uingereza kwa masomo ya miezi mitatu. Simu nimekupigia wiki tano, inalia mpaka inachoka.

Dada yako Mokeira ameniambia. Usimkasirikie, mimi ndiye nilimbana. Amesema umeanguka ule mtihani wa Kiingereza wa wauguzi mara ya pili, kwa hivyo bado huwezi kuwa nesi huko, na ndiyo maana hutaki kusikia sauti zetu.

Sikulia. Nilienda kuchuma chai, nikakukumbuka ukiwa darasa la saba. Mwalimu Ombui alikuwa amewapa sentensi kumi na mbili za neno 'take', mzishike zote. Na chai nayo ilikuwa inangoja. Ukasema, Mama, kila shina sentensi moja. Mstari wetu wa juu una mashina kumi na mawili hadi mtaroni. Mimi nilishangaa neno moja kufanya kazi zote hizo: kunywa dawa ni 'take', kupanda gari ni 'take', kupiga picha, kukawia, kufanana na mzazi, hata ndege kuruka angani. Nikasema hilo neno ni kama panga langu, linafyeka, linachimba, linamenya hata ndizi.

Mong'ina, mke wa Bosire, akapaza sauti kutoka shamba lake, "Bathsheba! Huyo mtoto anachuma chai ama anaihubiria?"

Ukamjibu, "Naibatiza, mama!" Tulicheka mpaka kikapu kikamwagika.

Mimi shule niliachia darasa la nne, Kiingereza sikujua hata kidogo. Lakini sentensi zikiisha na shina moja limebaki, nilijua umeruka. Ulipenda kuruka ile ya kufanana na mzazi, kwa sababu wenzako walicheka huu mwanya wetu wa meno. Basi tulirudi mwanzo wa mstari, bila fimbo, bila maneno. Siku nyingine hata mara nne. Hukuona aibu mbele yangu. Hii ya sasa umeitoa wapi, baba?

Nakuogopea. Mtu akijifungia peke yake na aibu, inamla polepole kama mchwa.

Baba yako nilimwambia juzi, nikiogopa atanguruma. Alimaliza uji wake, akachukua nyundo, akaenda kupigilia lile bati lililolegea la esaiga yako, ile nyumba yako ya ujana ambayo hakuna aliyelala humo tangu uende. Aliporudi akasema nikuandikie hivi: "Mwambie mlango wake hauna kufuli."

Ukitaka kurudia mtihani, rudia, nitakuombea. Ukichoka, njoo nyumbani. Mimi yote mawili nimeyakubali. Lakini kukaa bila sauti yako, hilo nimeshindwa. Sabato ya kwanza baada ya kupata barua hii, saa kumi jioni za huku, nitakuwa nimekaa na simu mkononi. Habari ya mtihani usiniambie kama hutaki. Niambie tu umekula nini.

Shangazi yako Jacinta anakusalimu sana, Mokeira pia, na Mong'ina anauliza kama huko ulishapata mchumba wa kutuletea.

Mungu akufunike kama kuku afunikavyo vifaranga.

Ni mimi niliyekuzaa, na bado nakupenda,
Mama yako, Bathsheba